Macho ya Mlinda Lango

Mimi nina kijicho. Nasema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, maana pale karakana kila mtu anajua kuisimulia hii habari, na kila anayeisimulia anatia chumvi. Nina kijicho, na kilinishika nikiwa na miaka arobaini na sita, mtu mzima na akili zangu, kwa sababu ya sanamu isiyozidi urefu wa kidole gumba.

Kazi yetu ni kupaka rangi mashujaa. Ukiwaambia watu hivyo wanacheka, lakini ndiyo kazi. Kuna hii michezo ya ubao ya siku hizi, yenye ramani, majoka na wachawi, na kila mchezaji anakuwa na shujaa wake mdogo wa plastiki anayetembea naye ubaoni. Mashujaa hao wakitoka kiwandani ni kijivu kitupu, hujui nani mfalme nani mwizi. Wanaletwa kwetu kwenye makasha, tunawapaka nguo, ngozi, silaha na uso, wanarudi kwa wenyewe wakiwa watu.

Tulikuwa sita kwenye meza moja ndefu. Shujaa anaanzia kushoto kabisa, kwa Mzee Viatu, ambaye tangu nimjue hajapaka kingine ila buti. Anapita kwa wa majoho, kwa wa vyuma, kwa wa ngozi, kwa wa nywele, mpaka mwisho wa kulia, dirishani, kwangu. Mimi ni macho. Kwa miaka kumi na moja hakuna shujaa aliyetoka mle ndani bila mimi kumfungua macho, ndiyo maana wakaniita Jicho.

Na usidhani ni kazi ya mchezo. Uso wenyewe ni mdogo kuliko punje ya dengu. Brashi yangu ina nywele tano, nyingine nimezing'oa kwa kibano. Unatia weupe wa jicho, unashika pumzi, unagusa nukta nyeusi mara moja, basi. Ukigusa mara mbili umemfanya makengeza, na shujaa makengeza nani anamtaka? Nimewahi kumfundisha dada mmoja akalia siku tatu mfululizo, ya nne hakuja.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, hakulia hata siku moja. Nilimleta mwenyewe, kwa mkono wangu huu, na hapo ndipo ninapojichukia. Mdogo wangu huyo ni kama mwanangu. Mama akienda kazini mimi ndiye niliyembeba mgongoni, mimi ndiye niliyempeleka shule siku ya kwanza akinishika sketi. Alipooa, mkewe akakaa nyumbani bila kazi, mdogo wangu akaja kwangu. "Dada, mtafutie wifi yako chochote pale kwenu. Nyumba inamchosha." Nani angemkatalia? Nikaongea na bosi, kesho yake wifi akaanza. Mzee Viatu akampa jina siku hiyohiyo: Bi Harusi.

Nikampa kiti pembeni yangu. Nikamwonyesha jinsi ya kubandika shujaa juu ya kifuniko cha chupa ya maji kwa tone la gundi nyeupe, ili umshike kifuniko bila kumgusa mwenyewe, na ukimaliza unamzungusha kidogo anabanduka. Nikamwonyesha macho. Mara ya kwanza alikosea, kama wote. Mara ya pili alikosea. Ya tatu akanyoosha mkono kunipa niangalie, na mle kwenye punje ile ya dengu kulikuwa na mtu ananitazama.

"Vipi, wifi?" akaniuliza.

"Endelea," nikamwambia.

Jambo lililonichukua mwaka mzima yeye kalishika kwa wiki mbili! Na siyo kwamba aliringa, la. Angeringa ningepumua. Alikuwa mpole, anaingia anasalimia, "Shikamoo wifi," anafuta meza yangu kabla ya yake, anafanya kazi huku anaimba kwa puani. Ule wimbo wa puani ulikuwa unaniingia mpaka kwenye fizi.

Wenzangu nao hawana dogo. "Jicho, umepata Jicho la Pili!" Mzee Viatu anapiga kelele kutoka kule kwake kwenye mabuti. "Siku hizi hata sijui nani kamtia nani macho." Watu wanacheka, na mimi nacheka, kicheko cha meno tu.

Halafu Jumapili moja tuko kwa mama, tumekula, tumeshiba, mdogo wangu kajinyoosha kwenye kochi. Anasema, eti kwa kutania, "Dada, nasikia kwenu wanasema mkono wa mke wangu ni mwepesi kuliko wako." Wifi akamfinya. Mama, mama yangu mzazi, akacheka akasema, "Basi huyu apumzike sasa, keshazeeka." Maji niliyokuwa nakunywa yakanipalia. Wote wakanipiga mgongo, pole, pole, na aliyekimbia kuniletea kitambaa ni nani? Ni yeye yule. Nikakipokea. Nilikuwa na hamu ya kumrushia usoni.

Hali ikiwa hivyo, ndipo alipokuja mwenye mchezo.

Alikuwa kijana mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, kabuni mchezo wake mwenyewe, mashujaa kumi na wawili, na anataka uwe tofauti na mingine. Alitaka mtu mmoja wa mfano. Mtu huyo atapaka shujaa wa kwanza wa kila aina peke yake, kuanzia buti mpaka nywele, na sisi wengine tutaiga mkono wake kwenye maelfu yanayofuata. Na jina la huyo mtu litachapwa ndani ya kila kasha. Jina lake kamili, siyo la utani.

Nadhani hunielewi. Miaka kumi na moja nimefungua macho ya watu ambao sijui hata walikwenda nchi gani, na hakuna hata mmoja duniani anayejua kwamba nilikuwepo. Mashujaa wana majina. Majoka yana majina. Mimi naitwa Jicho na watu sita. Nililitaka lile kasha kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Bosi wetu ni mama mmoja wa maneno machache. Akatuangalia meza nzima, akasema, "Jicho na Bi Harusi. Kila mmoja apake Mlinda Lango. Mwenye mchezo atachagua Ijumaa asubuhi bila kujua ipi ya nani." Akachukua vifuniko viwili, kwa ndani akaandika namba moja, akanipa, namba mbili, akampa yeye.

Akampa yeye! Nilimfundisha mimi!

Mlinda Lango ni mwanamke mwenye mkuki na joho zito, ananing'iniza funguo kiunoni. Tulipewa sanamu moja moja tu, hakuna ya kuharibu. Nikapaka buti, joho, vyuma, kila kitu kwa utulivu, mpaka Alhamisi mchana nikafika kwenye macho. Wifi yuko pembeni yangu, na yeye kafika kwenye macho, na anaimba kwa puani. Nikashika pumzi. Nikasikia wimbo. Roho ikanipanda, nikajiambia, huyu anaimba makusudi. Mkono ukatetemeka.

Loo! Weupe wa jicho la kushoto ukashuka mpaka shavuni. Nikaufuta kwa ncha ya kijiti, ukabaki ukungu. Sikuwa na muda wa kuanza upya, maana vanishi ya kulinda rangi lazima ilale kabatini ikauke mpaka asubuhi. Nikafanya ujanja wa fundi aliyekosea: nikalifunika kosa. Nikamshusha kope mbili, za jicho bovu na la pili lifanane, nikampaka kivuli chini yake cha kuficha ukungu. Mlinda Lango wangu akawa kama mtu aliyekesha wiki nzima. Sikuwahi kumpaka shujaa wa namna ile, mashujaa wangu wote hutazama mbele, macho pima. Nikamweka kwenye kabati la kukaushia nikijua nimejimaliza.

Kisha nikamwona wake. Alikuwa kamweka rafu ya chini. Mlinda Lango wa wifi alikuwa ametupa jicho pembeni, kidogo tu, kama kasikia hatua za mtu nyuma yake. Mdomo umefunguka kiasi cha unywele. Sijawahi kuthubutu kupaka jicho la pembeni, na yeye kalipaka mara ya kwanza, sawasawa, bila doa. Nilisimama mbele ya lile kabati nikaona ni nzuri, nikaona ni nzuri mno, na nikamchukia kwa kila nukta aliyoiweka sawa.

Ufunguo wa kabati ninao mimi, na ndiye ninayefungua karakana asubuhi. Hayo ni mambo ya miaka yote, hakuna aliyewahi kuyatilia maanani. Ijumaa nikafika saa moja na nusu. Nikafungua kabati, nikamzungusha wangu, tik, akabanduka. Nikamzungusha wake, tik. Nikatia matone mawili ya gundi. Wake nikambandika kwenye kifuniko namba moja, wangu kwenye namba mbili.

Usiniulize kama niliwaza wifi ataona. Nililiwaza hilo usiku kucha. Ataona, lakini atafanya nini? Namjua. Hajawahi kunijibu kwa sauti. Mimi ni dada mkubwa wa mumewe, mimi ndiye niliyemtafutia kazi. Eti asimame mbele za watu, ameshashindwa, aseme iliyoshinda ni yake na wifi yake ni mwizi? Hawezi. Atameza. Nilihesabu upole wake na nikaona unanitosha.

Saa tatu mwenye mchezo akaja. Bosi akaziweka sanamu mbili juu ya kitambaa cheupe, tukasimama wote nyuma. Wifi alikuwa upande wa pili wa meza, mbali kidogo, hajaziona vizuri. Yule kijana akainama, akatoa lenzi mfukoni, akaangalia ya namba moja. Akaangalia muda mrefu. 

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Safi sana, haina kosa."

Nikafumba macho.

Akaenda namba mbili. Akaishika kifuniko, akaipeleka dirishani, akarudi nayo. "Huyu hapa," akasema polepole. "Huyu amesimama langoni miaka. Amechoka, na bado hajaondoka. Hizi kope, huyu fundi kazitoa wapi? Mimi nimeandika hadithi nzima ya huyu mwanamke na sikuwa nimemwona mpaka leo. Namtaka huyu, na aliyempaka ndiye nimtakaye."

Bosi akageuza kifuniko. "Namba mbili," akasema. "Bi Harusi."

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa yangu. Kope zile zilikuwa zangu, kosa langu, kivuli changu, na mkono ulionitetemeka ulikuwa wangu. Nilitaka kupiga ukelele, na nilichofanya ni kupiga makofi pamoja nao, maana ningesema nini? Ningesema nimejuaje?

Mzee Viatu akamsukuma wifi mbele. "Nenda, Bi Harusi, kamwone mteja wako!" Akaja anacheka kwa aibu, mkono mdomoni. Akaipokea sanamu. Kicheko kikamwishia usoni. Akaangalia ile nyingine kwenye kitambaa. Akaniangalia mimi.

Nikamkazia macho. Meza, nikawa namwambia moyoni. Chukua. Umepata, nyamaza. Na huku moyo huohuo unalia, sema, sema, sema ni yangu.

"Mama," akamwambia bosi, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. "Hii siyo yangu. Hii ni ya wifi. Yangu ni ile pale."

"Namba zinasema ni yako."

"Namba sijui. Lakini huyu siye niliyempaka mimi. Wifi ndiye ameshinda." Akanigeukia, na amini usiamini, alikuwa ananifurahia. "Wifi, ni yako hii! Hebu iangalie!"

Hakuwa amefika bado. Akili yake haikuwa na njia ya kwenda kule. Aliyefika ni Mzee Viatu. Alichukua kile kifuniko mkononi mwa wifi, akakisogeza kwenye miwani. Gundi ile ikikauka hugeuka kioo, hata anayeanza kazi anajua. Ya kule chini ya miguu ya Mlinda Lango ilikuwa bado nyeupe kama maziwa.

"Hii imebandikwa leo," akasema, na safari hii hakutania.

Wakahesabu wenyewe. Kabati, ufunguo, saa moja na nusu. Watu watano walinitazama, na wa sita, wifi, alikuwa anatazama sakafu, sasa na yeye ameshafika.

Yule kijana hakuelewa. "Kwa hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka kumi na moja, na yalitoka kama ya mtu anayekiri kosa polisi.

Bosi akamwomba atupe dakika tano nje. Mlango ulipofungwa akanyoosha kiganja, nikaweka ufunguo. "Uso ni wako," akaniambia. "Nitampa mteja anachotaka, wote watakuwa na kope zako. Lakini mtu wa mfano ndiye anayeshika kabati na kazi za wenzake, na wewe siwezi kukupa hata kifuniko. Jina litaandikwa la Bi Harusi. Wewe hamia kushoto."

Kushoto ni kwa Mzee Viatu. Kushoto ni buti. Nikakusanya brashi zangu, na hakuna aliyeimba, hakuna aliyetania, hata yule mzee alisogeza tu kiti chake anipishe.

Wifi alinifuata saa ya chakula, wengine wametoka. Nilijua anakuja kunisuta, na nilikuwa nimejiandaa, nina maneno yangu kumi ya kumrudishia. Akasimama mbele yangu na sanamu yake mkononi, ile ya jicho la pembeni.

"Wifi, naomba nikuulize kitu kimoja. Ulivyoibadilisha, ulidhani yangu ndiyo nzuri?"

Yale maneno kumi yote yakapotea. "Ndiyo," nikasema.

"Nzuri kuliko yako?"

"Ndiyo, wifi. Kwa mbali."

Machozi yakamlenga. "Miezi mitano nakaa pembeni yako. Kila siku nakuonyesha. Nikirudi nyumbani mume wangu ananiuliza, dada amesemaje leo, nami namwambia, amesema niendelee. Ile ya Jumapili aliitunga yeye, hakuna aliyesema mkono wangu mwepesi. Alitaka tu wewe ubishe, au ukubali, useme lolote kuhusu mimi." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Na leo ndiyo nimejua unaipenda kazi yangu. Kwa kuiiba."

Nikasema nisamehe. Nilisema kweli, siyo kwa mdomo tu. Aliizungusha ile sanamu, tik, ikabanduka kwenye kifuniko, akaiweka juu ya meza, katikati ya mabuti yangu.

"Uliitaka," akasema. "Chukua."

Akarudi dirishani, akavuta kiti kilichokuwa changu, akamweka mbele yake Mlinda Lango wangu aanze kumwiga. Nilimwona anashika pumzi. Nilimwona anakosea kope, anafuta, anakosea tena, na nilijua ningeweza kumwambia kwa sentensi moja inavyofanyika. Sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia Jumatatu, na haikuwa rahisi.

Ile ya kwake ninayo. Mtu mwenye akili timamu alikaa na lenzi akazilinganisha zote mbili, akachagua yangu. Nimeambiwa hivyo, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mchezo umeshatoka, maelfu ya kope zangu yako mezani kwa watu, na ndani ya kila kasha kuna jina la wifi. Na mpaka leo nikiitazama hii yake, jicho limetupwa pembeni, mdomo umefunguka kiasi cha unywele, naona ni nzuri kuliko yangu, na roho inaniuma vilevile.